Nyie mtakatifu wenu hajahitimu!

Wiki hii tuwape kwanza likizo walioachana na waliorudiana, maana hao hawaishi. Leo kaka yenu nataka tupige stori za mabweni.

Hebu tega sikio siku moja ukiwa harusini, au kwenye daladala iliyokwama foleni Ubungo. Utasikia mababa wawili wazima, vitambi mbele, tai shingoni, mmoja anamuuliza mwenzake: "Kumbe nawe umesoma pale? Ulikuwa bweni gani?" "Lwanga." "Aa wapi! Lwanga si ndio nyie tuliokuwa tunawafunga kila mwaka!" Baada ya hapo ni vicheko na kupigana mabega, wake zao wameachwa wanaangaliana. Mtu anaweza kusahau namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, akasahau hata sura ya mwalimu wa fizikia, lakini bweni lake halisahau.

Waliosoma shule za mapadre na masista ndio wenye mambo haya zaidi. Shule nyingi za serikali zilichukua majina ya mashujaa na milima, ukajikuta unalala Mkwawa au Kilimanjaro. Kwa mapadre ulilala kwa mtakatifu. Ulivaa fulana yake, ukamchezea mpira, ukafagia nyumba yake, na ukichapwa kwa kuchelewa mchakamchaka, mzee alikuwa anakutazama tu kutoka kwenye picha ukutani, hasemi kitu.

Mtindo wenyewe asili yake si kwetu. Umetoka kwenye shule za bweni za Uingereza, ambako wanafunzi waligawanywa kwenye nyumba, kila nyumba na mwalimu mlezi wake, rangi zake na timu zake. Ndiyo maana mpaka leo wengine wanasema "hausi". Huko kwao shule za Kikatoliki hupenda sana majina ya Thomas More na John Fisher, wale wawili waliokatwa vichwa mwaka 1535 kwa kumgomea mfalme Henry VIII. Wajesuiti nao, tangu karne ya 16, walikuwa na ujanja wao: darasa moja wanaligawa makambi mawili, hawa Warumi, wale Wakartago, halafu wanawashindanisha Kilatini mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Simba na Yanga tupu!

Shule niliyosoma mimi naomba nisiitaje. Ilikuwa ya mchanganyiko, mabweni sita. Wavulana tulikuwa na Lwanga, Augustino na Martini. Wasichana walikuwa na Goretti, Teresia na Bakhita. Mwaka mzima mlikuwa mnakusanya pointi: usafi, taaluma, mpira wa miguu, netiboli, mbio za vijiti, kwaya, hata maigizo. Desemba bweni la kwanza linapewa ngao ya mbao na mbuzi mmoja. Sasa wewe fikiria, watoto wanaokula ugali kwa maharage tangu Januari, halafu uwaambie kuna mbuzi. Watu walikuwa wanakimbia kama wamemwagiwa upupu.

Halafu kuna sikukuu ya somo. Somo, kwa wasiojua, ndiye mtakatifu msimamizi wenu. Siku yake ikifika bweni lenu linaongoza misa, linatoa igizo la maisha yake, na jioni mnakula pilau na soda wengine wakimeza mate. Lwanga walikuwa na Juni 3, safi kabisa, likizo bado. Goretti siku yao ni Julai 6, likizo imewameza, kwa hiyo wakawa wanafanyiwa sherehe ya kiporo shule ikifunguliwa. Walilalamika miaka yote.

LWANGA NDIO WALIKUWA WABABE wa shule, fulana nyekundu, vifua mbele. Na sababu walikuwa nayo. Karoli Lwanga alikuwa mkuu wa vijana watumishi kwenye ikulu ya Kabaka Mwanga wa Buganda, kijana wa miaka ishirini na ushee anayesifiwa kwa nguvu na mieleka. Aliyekuwa mbele yake, Yosefu Mukasa, alikatwa kichwa Novemba 1885 baada ya kumlaumu Kabaka kwa kumuua askofu wa Kianglikana, James Hannington. Lwanga akajua kinachofuata. Kazi yake kubwa ikawa kuwakinga wale vijana wadogo na matakwa ya kimwili ya mfalme. Mei 1886, mambo yalipoiva, usiku mmoja akawabatiza baadhi yao kwa mkono wake mwenyewe, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Juni 3 wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi wote 22 Oktoba 18, 1964, na mwaka 1969 akaja Uganda mwenyewe. Mpaka leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa kule, na wapo mahujaji wanaokanyaga kwa miguu kutoka huku kwetu Tanzania.

Nahodha wa Lwanga enzi zangu alikuwa Mwislamu, mtoto wa Tanga, beki wa kati ambaye ukipita wewe mpira unabaki, au mpira ukipita wewe unabaki. Walikuwepo Waislamu wengi tu pale, maana wazazi walitafuta shule, si dini. Jamaa wakaanza kumchokonoa: "Wewe fulana ya mtakatifu unaivaaje?" Naye hakuwa mtu wa kununa. Akaenda moja kwa moja kwa Padre mkuu wa shule akamuuliza. Padre akamkalisha chini. Akamwambia Namugongo hawakufa Wakatoliki peke yao. Waanglikana 23 waliuawa katika mateso yale yale, na Papa mwenyewe aliwakumbuka siku ile ya mwaka 1964. Tena miaka kama kumi kabla ya hapo, wakati wa Kabaka Mutesa, baba yake Mwanga, vijana wa Kiislamu nao walikuwa wameuawa kwa sababu walishika dini yao kuliko amri ya mfalme.

Nahodha alirudi bwenini akasimama juu ya kitanda, akawatangazia hayo wenzake. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena habari za fulana.

Sasa njoo Augustino. Hawa, Mungu awasamehe, walikuwa wezi wa maembe. Nyuma ya nyumba ya masista palikuwa na miembe minne, na msimu ukifika ungedhani Augustino wamepewa hati ya shamba. Mwaka 1994 mlinzi akawadaka saba kwa mpigo, mifuko imetuna. Wakapelekwa kwa Padre. Mmoja wao, wa kidato cha tatu, akajitetea kwa sauti ya unyenyekevu kabisa: "Padre, sisi tunafuata nyayo za somo wetu."

Na hakukosea! Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo, Mwafrika wa kaskazini. Kwenye kitabu chake cha Maungamo anasimulia kwamba alipokuwa na miaka 16, yeye na genge lake walivamia mpeasi wa jirani usiku wakaukung'uta wote. Njaa hawakuwa nayo. Matunda yenyewe waliwatupia nguruwe. Waliiba kwa raha ya kuiba. Baadaye akapata mtoto nje ya ndoa, akahangaika na falsafa hii na dini ile, mama yake Monika akamlilia miaka na miaka, mpaka akabatizwa ana miaka 32 na kuja kuwa askofu wa Hippo.

Padre alicheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akawapa Jumamosi mbili za kuchimba shimo la takataka, na amri ya kusoma kitabu kizima, siyo sura ya mapeasi peke yake. Mmoja kati ya wale saba leo ni mwalimu wa falsafa chuoni. Mwingine anauza matunda, tena jumla.

Mimi nikiulizwa nasema hilo ndilo bweni lililopewa jina kwa akili kuliko yote. Kijana wa miaka 16 ukimpa mtakatifu aliyezaliwa na taa kichwani atamwogopa basi. Mpe mwizi wa mapeasi, atataka kujua jamaa alitokaje huko.

Mimi mwenyewe Januari 1993, njuka na sanduku langu la bati, niliangukia Martini. Nilikuwa nimemwomba Mungu aniweke Lwanga kwa sababu ya mpira. Nikapewa bweni la fagio.

Martini wa Porres alizaliwa Lima, Peru, mwaka 1579. Baba yake Mhispania mwenye hadhi zake, mama yake mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa akaachiwa huru. Mtoto alitoka na rangi ya mama, na baba hakuwa na haraka ya kumtambua. Akajifunza unyozi, ambao enzi hizo ulikwenda pamoja na utabibu. Alipokwenda kwa watawa wa Dominiko, sheria za kule ziliwazuia watu wa asili yake kuwa watawa kamili. Akaingia kama mtumishi. Akapewa fagio, akapewa wagonjwa. Ndiyo maana kwenye picha zake ana fagio mkononi, na mara nyingi miguuni pake kuna mbwa, paka na panya wanakula sahani moja. Alikufa mwaka 1639, lakini kutangazwa mtakatifu alisubiri mpaka 1962.

Basi tukipita bwaloni: "Wafagiaji haooo!" Mechi ikianza, upande wa Lwanga wanainua mafagio ya chelewa. Ungejisikiaje? Lakini kiranja wetu, mkimya mmoja wa Songea, alikuwa na falsafa yake. Alisema kama wanatuita wafagiaji, basi tutafagia. Kila Jumamosi Padre alikuwa anapita na leso nyeupe, anaipitisha juu ya fremu ya dirisha, chini ya kitanda, mpaka kwenye kitasa. Bweni letu leso ilikuwa inatoka nyeupe vile vile. Tulipiga deki mpaka magoti yakaota sugu. Vyoo vyetu, samahani kwa wanaokula, ungeweza kukaa humo ukasoma gazeti hili.

Mwaka 1995 fainali ya mpira ikawa Lwanga na sisi. Dakika 90 bila kwa bila, wakatutoa kwa penalti, golikipa wetu analia kama kafiwa. Lwanga wakaanza kumwimbia mbuzi aliyefungwa kwenye mlingoti. Ndipo mwalimu wa michezo akaja na ubao, akaanza kujumlisha pointi za mwaka mzima mbele ya shule nzima. Mpira, Lwanga juu. Mbio za vijiti, Lwanga juu. Taaluma, Augustino, wale wezi. Kwaya, Teresia. Akafika usafi, Jumamosi thelathini na kitu. Mwalimu akajumlisha, akafuta, akajumlisha tena. Martini tumeongoza kwa pointi mbili. Nahodha wa Lwanga alikuja kumfungua mbuzi kwa mkono wake akatukabidhi, akasema: "Chukueni, wafagiaji." Nyama tuliwapa nao, ingawa mapaja tulibaki nayo.

UPANDE WA WASICHANA kulikuwa na vita ya aina yake. Teresia wa Mtoto Yesu, wa Ufaransa, aliingia utawani ana miaka 15, akafia humo humo mwaka 1897 ana miaka 24, na mwaka 1927 Papa akamfanya msimamizi wa wamisionari duniani, mtu ambaye hakuwahi kwenda misioni yoyote. Timu ya netiboli ya Teresia ilikuwa haishindi ikitoka nje ya shule, na walijitetea kwamba hata somo wao hakuwa mtu wa kutoka.

Lakini mdomo walikuwa nao. Adui yao alikuwa Bakhita, na silaha yao ilikuwa moja. Mnajua Kanisa lina ngazi nne: Mtumishi wa Mungu, Mheshimiwa, Mwenye Heri, halafu Mtakatifu. Bakhita alikuwa ametangazwa Mwenye Heri Mei 1992 tu. Bado ngazi moja. Basi mechi ikianza Teresia wanapiga kelele: "Nyie mtakatifu wenu hajahitimu! Yuko kidato cha tatu!"

Iliwauma. Maana kama kuna mtu aliyekuwa amefaulu mitihani ya dunia hii ni yule mama. Alizaliwa Darfur, Sudan, mwaka 1869 hivi, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena mpaka jina alilopewa na wazazi likamtoka kichwani. Watekaji ndio waliomwita Bakhita, maana yake mwenye bahati. Bahati gani! Kwa bwana mmoja alichanjwa mwilini, chale 114, zikapakwa chumvi. Mwaka 1885 akapelekwa Italia, na bibi yake alipotaka kumrudisha Afrika akakataa. Kesi ikaenda, na Novemba 29, 1889 ikaamuliwa Venice kwamba yeye ni mtu huru, hana bwana wala bibi. Akawa sista, akapika, akashona, akafungua mlango wa watawa kule Schio mpaka alipofariki Februari 8, 1947.

Oktoba 1, 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu. Na Oktoba 1 ni siku ya nani? Sikukuu ya Teresia! Ilikuwa Jumapili. Dada mmoja wa Bakhita, wakati huo tayari ana kazi yake hapa Dar, alitoka kanisani akapanda daladala mbili mpaka kwa shoga yake wa Teresia, akagonga mlango, akasema neno moja: "Tumehitimu." Akageuka akaondoka. Soda yenyewe hakunywa.

Sasa Goretti. Hapa naomba utani tuuweke pembeni kidogo.

Maria Goretti alikuwa mtoto wa wakulima maskini wa Italia. Julai 5, 1902, hajafikisha miaka 12, kijana wa jirani aitwaye Alessandro Serenelli alitaka kumbaka. Alipokataa, akamchoma kwa chuma chenye ncha mara 14. Akafa kesho yake, akiwa amesema anamsamehe. Mwaka 1950 akatangazwa mtakatifu, mama yake mzazi akiwepo. Kila mwaka kwenye ile sherehe yao ya kiporo alikuja mhubiri kuwaambia wasichana kwamba Maria alichagua kufa kuliko kupoteza usafi wake. Wavulana tulikuwa tunasikiliza nusu, tunawaza pilau.

Miaka mingi baadaye dada mmoja wa Goretti, rafiki yangu mpaka leo, alinisimulia yaliyokuwa yanampata yeye kwenye yale mahubiri. Ameniruhusu niandike, jina nisitaje. Likizo ya kidato cha pili kuna mtu mzima wa nyumbani kwao alimfanyia kitendo. Hakumwambia mtu. Alirudi shule, akavaa fulana ya bluu ya Goretti, akakaa benchi la mbele, akasikia kwamba binti mwema ni yule aliyekufa. Akaniambia: "Mimi nilikuwa nahesabu. Kama yeye ni mtakatifu kwa sababu alikufa, mimi niliyebaki hai ni nani?"

Wiki nzima hakula vizuri. Mwishowe akaenda kwa Sista matroni akamuuliza swali hilo hilo, kama vile anauliza la mtu mwingine. Sista si mjinga. Alifunga mlango. Akamwambia kwanza kwamba Augustino, yule yule wa mapeasi, aliandika kuhusu wanawake waliobakwa Roma ilipotekwa mwaka 410, akasema wazi kwamba mwili uliotendewa kwa nguvu haumpi mtu dhambi, dhambi ni ya aliyetenda. Pili akamwambia Maria ni mtakatifu kwa moyo wake, siyo kwa chuma cha Alessandro, na hakuna aliyeruhusiwa kumtumia yule mtoto kama fimbo ya kuwapigia watoto wengine. Tatu, na hili ndilo rafiki yangu anasema lilimrudishia pumzi, akamkumbusha kwamba Alessandro alisamehewa, lakini jela alikwenda. Alihukumiwa miaka 30, akakaa 27. Kusamehe hakukufuta kesi.

Jumatatu yake Sista alipanda basi mpaka kijijini kwao, akazungumza na mama mtu, halafu wakaenda wote polisi. Yaliyofuata ni ya familia. Ninachoweza kusema ni kwamba likizo zote mpaka kidato cha nne yule dada alikaa kwa masista, na mwaka uliofuata mhubiri wa Goretti hakuitwa kutoka nje. Alihubiri Sista matroni mwenyewe, pale bwaloni, na sisi wavulana tukaambiwa tukae mbele.

Siku hizi mpwa wangu naye yuko shule ya bweni, na shule yao imejenga mabweni mawili mapya. Wanafunzi wameruhusiwa kupendekeza majina. Watoto wa mjini, bila shaka, wanamtaka Carlo Acutis, kijana aliyezaliwa London mwaka 1991, akakulia Italia, mtaalamu wa kompyuta na mpenzi wa magemu, aliyekufa kwa saratani ya damu mwaka 2006 ana miaka 15 na kutangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025. Jinzi na raba, yaani mwenzao kabisa.

Mimi nimempa mpwa wangu jina la pili akalipigie kampeni: Benedict Daswa wa Afrika Kusini, mwalimu mkuu, mpenda soka aliyeanzisha timu ya vijana kijijini kwake. Mwaka 1990 radi zilipiga kijijini, watu wakachangishana hela za kumlipa mganga awatajie mchawi. Daswa akagoma kutoa, akasema radi ni radi. Wakamuua Februari 2 mwaka huo huo. Nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa macho mekundu na wenye ualbino wamewindwa, mimi naona huyo anatuhusu. Alitangazwa Mwenye Heri mwaka 2015.

Mpwa wangu amesoma, amefikiri, halafu akanipigia simu: "Mjomba, lakini huyu si yuko kidato cha tatu?"

Nimemwambia aandike jina hivyo hivyo. Kura wanapiga mwezi ujao.